Mwanasesere Mwenye Chapa ya Kiswahili

Tunapoandika juu ya historia ya utamaduni, aghalabu tunataja ngoma, tenzi, misikiti ya kale, vinyago na silaha za wazee. Vitu vya kuchezea watoto hatuvitaji. Huonekana kuwa ni vitu vidogo mno, vya kuvunjika leo na kutupwa kesho. Hata hivyo, mwalimu aliyekaa darasani miaka mingi anajua kwamba mtoto hujifunza mambo mengi kabla ya kufunguliwa kitabu chake cha kwanza. Anapombeba mwanasesere mgongoni, akamwogesha, akamlaza na kumwimbia, anajifunza ni nani astahiliye kubebwa, na ni sura ipi iitwayo nzuri. Somo hilo halina mtihani, wala halisahauliki upesi.

Makala haya yanahusu wanasesere wa aina moja waliotengenezwa mbali na kwetu, katika mji wa Los Angeles nchini Marekani, kati ya mwaka 1968 na mwaka 1983. Leo hawatengenezwi tena. Anayewataka huwapata katika maduka ya vitu vilivyokwisha kutumika, katika minada, au katika masanduku ya mabibi waliofariki, wakiwa wamechafuka, nywele zimesokotana na nguo zimepotea. Mnunuzi akimgeuza mmoja wao na kumtazama kisogoni au mgongoni, huona herufi ndogo zilizopigwa katika plastiki. Miongoni mwa maneno hayo limo moja ambalo mtoto wa darasa la kwanza wa Tanzania au Kenya hulisoma bila kusaidiwa: Shindana. Nakusudia kueleza neno hilo lilifikaje pale, na kwa nini mtu anayetaka kumtengeneza mwanasesere huyo hana budi kulielewa kabla hajagusa sabuni wala sindano.

Kalibu moja, rangi mbili

Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, nchi iliyotia fora katika kazi ya wanasesere ilikuwa Ujerumani, hasa mji wa Sonneberg na vijiji vya jirani yake katika mkoa wa Thuringia. Familia nzima nzima zilifanya kazi hiyo majumbani. Hawa walitengeneza mikono, wale walitengeneza nywele, na macho ya kioo yalitoka kwa mafundi wa Lauscha. Wanasesere wa rangi nyeusi nao walitengenezwa, lakini mara nyingi walitoka katika kalibu ile ile iliyowatoa weupe. Kilichobadilishwa ni rangi tu. Pua, midomo na paji la uso vilibaki kuwa vya mtoto wa Kizungu aliyepakwa rangi ya udongo au ya masizi. Wengine walikuwa wabaya zaidi, kwa kuwa walifanywa kwa makusudi ya kumchekesha mtazamaji, macho yamemtoka na midomo imevimba.

Weusi wa Marekani hawakuridhika na hali hiyo. Mchungaji Richard Henry Boyd wa Nashville, aliyezaliwa utumwani mwaka 1843, aliagiza kutoka Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20 wanasesere weusi wenye sura ya heshima, akawauzia watu wake. Mwaka 1951 kampuni ya Ideal ilitoa mwanasesere aitwaye Sara Lee, ambaye kichwa chake kilifinyangwa na mchongaji Sheila Burlingame kwa kufuata sura halisi za watoto weusi. Jitihada hizo zilikuwa njema, lakini hazikudumu.

Uzito wa jambo hili ulidhihirishwa na wataalamu wawili wa saikolojia, Kenneth Clark na mkewe Mamie. Waliwachukua watoto weusi 253, wenye umri wa miaka mitatu hadi saba, wakawawekea mbele yao wanasesere wanne. Wanasesere hao walilingana kwa kila kitu isipokuwa rangi ya ngozi na ya nywele: wawili walikuwa weupe na wawili wa hudhurungi. Kisha wakawauliza maswali mepesi. Nipe yule unayependa kucheza naye. Nipe yule mwema. Nipe yule mwenye sura mbaya. Nipe yule anayefanana nawe. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1947 yalionyesha kwamba karibu theluthi mbili ya watoto hao walipenda kucheza na mweupe, na zaidi ya nusu walimnyoshea kidole mwanasesere wa hudhurungi walipoulizwa ni yupi mwenye sura mbaya. Lilipofika swali la mwisho, la kufanana, baadhi yao walishindwa kujibu wakalia. Utafiti wa Clark ulikuwa miongoni mwa kazi zilizotajwa katika hukumu ya Mahakama Kuu ya Marekani ya tarehe 17 Mei 1954, iliyopiga marufuku kuwatenga wanafunzi kwa rangi zao katika shule za serikali.

Nawaomba wanafunzi walifikiri jambo hili kwa makini. Mahakama kubwa ya nchi kubwa ilikaa ikatafakari ushahidi uliotokana na wanasesere. Basi nani awezaye kusema kwamba vitu vya kuchezea si vitu vya historia?

Kiwanda cha watu wa mtaani

Mwezi wa Agosti 1965 ghasia kubwa zilizuka Watts, mtaa wa watu weusi katika Los Angeles. Ziliendelea kwa siku sita, na watu 34 wakapoteza maisha. Moto ulipozimika, wanaharakati wawili wa haki za raia, Louis Smith na Robert Hall, walianzisha chama cha kuwafundisha vijana kazi na kuwatafutia riziki. Walikiita Operation Bootstrap, jina lenye maana ya kujiinua kwa nguvu zako mwenyewe. Msomaji wa Tanzania hahitaji kamusi ili aelewe fikra hiyo. Katika miaka hiyo hiyo, tarehe 5 Februari 1967, Azimio la Arusha lilikuwa limelifanya neno kujitegemea kuwa mhimili wa siasa ya nchi yetu.

Mwaka 1968 chama hicho kilifungua kiwanda cha wanasesere. Kampuni ya Mattel, ambayo tangu mwaka 1959 ilikuwa ikimuuza mwanasesere mashuhuri Barbie, ilitoa fedha za kuanzia na mafundi wa kufundisha kazi, bila ya kudai hisa. Mwanasesere wa kwanza aliitwa Baby Nancy. Alikuwa mtoto mchanga mweusi, na jambo kubwa kwake ni kwamba hakutoka katika kalibu ya mtu mwingine. Pua yake, midomo yake na mashavu yake vilifinyangwa kwa kuwatazama watoto wa mtaa ule. Nywele zake nazo zilitafutiwa ufundi wa kuzifanya zifanane na nywele za kipilipili, jambo lililokuwa geni kwa viwanda vilivyozoea nywele za kuteleza. Kabla ya mwaka huo kwisha, Baby Nancy alikuwa akiuzwa nje ya Los Angeles, katika miji mingine ya Marekani.

Tamu, Zuri na Malaika

Kiwanda kiliitwa Shindana. Wakati ule Kiswahili kilikuwa kimekwisha kupata heshima ya pekee miongoni mwa Weusi wa Marekani, na hasa Los Angeles. Hapo ndipo Maulana Karenga alipoanzisha mwaka 1966 sikukuu ya Kwanzaa, jina lililotokana na maneno matunda ya kwanza, likaongezewa herufi moja mwishoni. Misingi saba ya sikukuu hiyo yote ina majina ya Kiswahili, na mmojawapo ni Ujamaa. Wengi wa watu hao mababu zao walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi, ambako Kiswahili hakikusemwa. Walikichagua kwa sababu si lugha ya kabila moja, na kwa kuwa kilikuwa kikisikika katika sauti za nchi zilizokuwa zimejipatia uhuru.

Tulitazame neno lenyewe kama tunavyowafundisha wanafunzi wetu. Shina lake ni shinda. Tukiliongezea kiambishi -an- tunapata kauli ya kutendana, yaani kauli ya jambo lisilowezekana kufanywa na mtu mmoja peke yake. Mtu aweza kushinda na mwenzake akalala chini. Lakini ili watu washindane, sharti wawe wawili, na sharti kila mmoja awe amesimama. Kwa watu walioambiwa kwa karne nyingi kwamba hawana nafasi uwanjani, jina hilo lilikuwa dai la kuingia uwanjani.

Baada ya Baby Nancy walifuata wenzake. Mmoja aliitwa Malaika. Mwingine aliitwa Tamu, naye alikuwa akisema: mtoto alivuta kamba, na sauti ikatoka tumboni. Mwingine aliitwa Zuri. Palikuwa pia na Wanda, aliyetolewa katika mavazi ya kazi mbalimbali, ikiwamo kazi ya uuguzi, ili wasichana weusi wajione katika kazi hizo. Mwalimu wa sarufi aweza kutabasamu asikiapo mtoto akiitwa Zuri badala ya Mzuri, kwa kuwa sifa hiyo imeachwa bila kiambishi cha ngeli ya watu. Sioni sababu ya kuwacheka. Kivumishi kikiwa jina la mtu huacha kazi yake ya kwanza, na sisi wenyewe tumewaita watoto wetu kwa maneno ya Kiarabu na ya Kizungu bila ya kuuliza sarufi ya wenyewe. Lugha iliyovuka bahari kwa mapenzi hupokelewa kwa adabu inaporudi.

Louis Smith alifariki mwaka 1976. Viwanda vikubwa vilikwisha kuona kwamba wanasesere weusi wananunuliwa, navyo vikaingia uwanjani. Mwaka 1980 Mattel yenyewe ilitoa Barbie mweusi. Kiwanda cha Shindana kilifungwa mwaka 1983. Mwaka huo huo, katika maonyesho ya vitu vya kuchezea mjini London, Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika, alionyesha kwa mara ya kwanza mchezo wa vipande vya mbao alioupa jina la Jenga. Mwaka 2020 jumba la kumbukumbu za vitu vya kuchezea la Marekani, lililoko Rochester katika jimbo la New York, liliwaingiza Baby Nancy na Jenga katika orodha yake ya heshima kwa pamoja. Hivyo mchezo wenye jina la kitenzi cha Kiswahili na mwanasesere aliyetoka katika kiwanda chenye jina la kitenzi kingine walipita mlango mmoja, mwaka mmoja.

Kazi ya fundi

Sasa tumfikirie mtu aliyempata mmoja wa wanasesere hao katika duka la vitu vikuukuu. Amemnunua kwa bei ndogo. Uso una vumbi la miaka hamsini, shavuni pana mstari wa kalamu ya wino, nywele ni kifundo kimoja, na rangi ya midomo imepauka. Anataka kumrudishia hali yake. Kazi hii ina taratibu zake, nazo zafaa kuelezwa moja moja.

Ya kwanza ni kutazama na kuandika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fundi mwema humpiga picha mwanasesere kabla hajamgusa, mbele na nyuma. Huinakili chapa yake herufi kwa herufi, akaandika kila ufa na kila doa. Chapa hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa, kwa sababu humweleza jina la kiwanda na mwaka wa kalibu. Anayeanza kwa kusugua aweza kuifuta habari hiyo pamoja na uchafu.

Ya pili ni kuosha. Plastiki laini ya namna hii huoshwa kwa kitambaa chororo, maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo kali. Mwanasesere hatumbukizwi katika ndoo. Maji huingia shingoni na katika viungo vya mikono na miguu, yakakaa ndani bila njia ya kutokea, na ukungu ukaota. Ikiwa ni mwanasesere asemaye, maji yatakiharibu kisanduku cha sauti kilicho tumboni. Mara nyingi kisanduku hicho hakifikiki bila ya kuukata mwili, na kwa hiyo yapo mambo ambayo fundi mwenye busara huyaacha yalivyo. Mwanasesere bubu aliye mzima ni bora kuliko aliyepasuliwa.

Ya tatu ni madoa ya wino, na hapa ndipo panapohitaji hadhari kubwa. Dawa iliyoenea miongoni mwa watengenezaji wa wanasesere ni malhamu ya chunusi iliyotiwa benzoili peroksaidi. Hupakwa juu ya doa, kisha mwanasesere akawekwa juani siku kadhaa, na wino hutoweka. Dawa hiyo hufanya kazi kwa kuua rangi. Lakini haijui kutofautisha rangi ya wino na rangi ya ngozi. Mwanasesere mweupe hubaki mweupe, wala hakuna anayeona kitu. Mwanasesere wa hudhurungi hubaki na baka jeupe shavuni, na baka hilo haliondoki tena kwa sabuni wala kwa mafuta.

Ya nne ni nywele. Nywele za nyuzi za kiwandani zina tabia ya kulainika katika maji ya moto sana na kushika umbo jipya zikipoa. Kwa hiyo watengenezaji wengi huzimwagia maji yaliyochemka, wakazichana hadi zikanyooka na kung'aa. Kwa mwanasesere wa nywele za kuteleza njia hiyo ni sahihi. Kwa mwanasesere wa Shindana ni hasara, kwa maana ile mikunjo iliyotafutiwa ufundi kiwandani huondoka, na fundi wa nyumbani hana mashine ya kuirudisha. Nywele hizi hutaka maji baridi, matone machache ya sabuni, vidole vyenye subira, na chanuo lenye meno mapana. Kazi huanzia nchani kwenda shinani. Mama yeyote wa Kiafrika aliyemchana mwanawe asubuhi ya shule anaijua kazi hii kuliko kitabu.

Ya tano ni uso. Rangi ya midomo na nyusi hupauka kwa jua na kwa mabusu. Fundi hushika brashi ili aihuishe, na mkono wake hufuata mazoea. Ikiwa amezoea midomo myembamba, ataichora myembamba hata pale plastiki yenyewe ilipofinyangwa minene. Kalibu inasema hivi, rangi inasema vile.

Tuzijumlishe sasa hatua hizi. Fundi mmoja, mwenye nia njema na mikono safi, amemng'arisha shavu, amemnyoosha nywele, na amempunguza midomo. Hakuna alilokusudia ila usafi. Lakini mwanasesere aliyeinuka mezani kwake si Baby Nancy tena. Amekuwa ni yule mwanasesere wa kalibu moja na rangi mbili, ambaye kiwanda cha Shindana kiliundwa ili kushindana naye. Kazi ya miaka kumi na mitano imefutwa kwa juma moja, na kufutwa kwenyewe kukaitwa matengenezo.

Hapa ndipo ilipo hoja yangu. Kumtengeneza mwanasesere mkuukuu ni kuisoma historia yake kwa vidole. Anayetengeneza pasipo kusoma huifuta, na hufuta kwa furaha, akidhani anasafisha. Dawa ile na maji yale ya moto si vitu vibaya. Ubaya umo katika kuchukua kanuni iliyopatikana kwa sura moja na kuifanya kanuni ya sura zote.

Yawezekana msomaji akauliza: je, mwanasesere si kitu cha kuchezewa? Kwa nini atunzwe kama hati ya mfalme? Swali ni la haki. Ikiwa atarudi mikononi mwa mtoto, basi na ashonwe nguo mpya, akazwe viungo, aimarishwe shingo, hata doa la wino lifunikwe kwa kola ya gauni. Mambo hayo hayaharibu kitu, na yeyote ajaye baadaye aweza kuyaondoa. Hiyo ndiyo kanuni bora ya matengenezo ya vitu vya kale: fanya kidogo iwezekanavyo, na ulifanyalo liwe la kuweza kutenguliwa. Ngozi iliyochujuka na nywele zilizonyooshwa hazitenguliki.

Ya mwisho ni kuhifadhi. Plastiki hii imechanganywa na mafuta ya kuilainisha, na mafuta hayo huvuja polepole miaka ipitapo, mwili ukawa unanata. Mwanasesere akifungwa ndani ya mfuko wa nailoni, unyevu na mafuta hayo hukosa pa kwenda. Hutakiwa kuwekwa mahali pa baridi, mbali na jua, amefungwa katika kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi. Kitambaa hicho sisi tunakiita marekani, na jina hilo nalo lina hadithi yake. Kuanzia miaka ya 1830 wafanyabiashara wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta Unguja nguo za pamba zilizofumwa katika viwanda vya kwao, na watu wa pwani wakaziita kwa jina la nchi zilikotoka. Wao walituletea nguo ikawa neno letu. Karne moja na nusu baadaye neno letu likaenda kwao likawa chapa ya mwanasesere. Anayemfunga mwanasesere wa Shindana katika marekani ameyakutanisha mabadilishano hayo mawili katika furushi moja.

Mwana hiti na mafuta yake

Tusidhani kwamba elimu hii ya kutunza ni ngeni kwetu. Wazaramo, Wakwere na jirani zao wa nyuma ya pwani ya Dar es Salaam na Bagamoyo wana mwana hiti, kinyago kidogo cha mti ambacho wageni wengi wamekiita mwanasesere. Hakina mikono wala miguu. Kiwiliwili chake ni kama mche wa mviringo, chenye matiti na kitovu, na kichwa chake kimechongwa kwa mfano wa nywele zilizosukwa. Mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti amtunze kama mtoto, amwogeshe, ampake mafuta, ili ajifunze ulezi na kuombewa uzazi. Umbo hilo hilo huonekana pia katika mikongojo ya wazee na katika nguzo za makaburi, jambo linaloonyesha kwamba halikuwa la mchezo tu.

Mwana hiti aliyepita katika mikono mingi huwa mweusi na laini, na weusi huo si uchafu. Ni mafuta ya wali wengi, yaliyoingia ndani ya mti. Mtu asiyejua akimsugua kwa msasa ili mti uonekane mpya, atakuwa amewafuta wanawake wote hao kwa mkono mmoja. Wengi wa mwana hiti wa kale leo wamo katika makumbusho ya Ulaya, walikochukuliwa tangu zama za Wajerumani. Wahifadhi wa vitu vya kale huko huyaacha mafuta hayo mahali pake, kwa kuwa wamejifunza kwamba alama ya matumizi ni sehemu ya kitu. Bibi zetu hawakuhitaji kufundishwa jambo hilo. Wao waliongeza mafuta mapya juu ya yale ya kale.

Neno kwa walimu

Katika miji yetu wanasesere wengi wauzwao madukani na katika mitumba ni weupe, wenye nywele ndefu za kuteleza. Sisemi wachomwe moto. Mtoto ana haki ya kumpenda mwanasesere yeyote aliyepewa. Nasema tu kwamba lile swali la Kenneth na Mamie Clark halikuwahusu watoto wa Marekani peke yao. Mwalimu aweza kuliuliza darasani bila gharama yoyote: nionyeshe anayefanana nawe. Ajibuye vibaya asiadhibiwe. Jibu lake ni habari yetu sisi watu wazima tuliomnunulia.

Njia ya kuanzia i wazi. Watoto wetu tangu kale wametengeneza wanasesere kwa magunzi, kwa vitambaa na kwa majani, na wazee waliwaita watoto wa bandia. Zana hizo bado zipo. Wanafunzi wa sekondari na wakusanye wanasesere wa namna hiyo katika vijiji vyao, waandike nani aliyemtengeneza, kwa kitu gani, na nywele zake zilisukwaje. Akipatikana aliyevunjika, na atengenezwe kwa kanuni tuliyoieleza, kidogo iwezekanavyo, na habari zake ziandikwe kwanza. Tukifanya hivyo tutakuwa na jambo la kuwaeleza wenzetu wa ng'ambo, ambao walipotafuta jina la heshima la kumpa mtoto wao wa plastiki, walikuja kulichukua katika lugha yetu.